Kitambaa Juu ya Gari la Wazi

Wapenzi wa magari ya wazi ya spoti, yale yenye viti viwili na anga juu, wana ubishi mmoja usiokwisha: je, gari la namna hiyo lahitaji paa, na kama lahitaji, liwe paa la nini? Wapo wanaosema paa lolote ni dosari, na anayeogopa mvua anunue gari la kawaida. Wapo wengine wanaosema paa likiwepo basi liwe la chuma, lijikunje lenyewe kwa mota na kumpa mwenye gari utulivu wa kioo na bati pande zote. Kati yao limebaki paa la kitambaa, ambalo hawa wanaliona ulegevu na wale wanaliona umaskini. Mimi nashikilia kwamba kitambaa ndicho kinachostahili, na sababu yangu kubwa si urembo wala mazoea. Thamani ya gari la wazi ni wingi wa saa linazoendeshwa likiwa wazi. Hakuna paa linalomwezesha dereva kwenda wazi mara nyingi kuliko lile jepesi, la kushushwa na kupandishwa kwa mkono bila kushuka garini, lililokatwa na kushonwa na fundi anayeijua kazi yake.

Nianze na wasiotaka paa kabisa, maana hoja yao si ya kupuuza. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus alitoa gari liitwalo Seven, na hadi leo kampuni ya Caterham ya Uingereza inaliendeleza kwa umbo lilelile: jembamba, magurudumu nje ya bodi, kila kilo imehojiwa kabla ya kukubaliwa. Ukilitazama gari hilo unaelewa kwa nini mtu achukie kuliongezea chochote. Lakini gari lisilo na paa linategemea ahadi ya mawingu. Asubuhi ikiwa na shaka, linabaki bandani. Safari ikiwa ya siku mbili, linaachwa. Mahali pa kwenda pakiwa hapana maegesho yenye kivuli, linaachwa tena. Anayekataa paa kwa ajili ya uwazi huishia kuupata uwazi kwa siku chache za mwaka. Porsche walilijua hilo. Mwaka 2010 walipotoa Boxster Spyder, gari la kilo 1,275 lililokuwa jepesi kuliko Boxster S kwa kilo 80, walipunguza kila walichoweza, wakaondoa hata mota za paa, ila paa lenyewe hawakuliondoa. Walibakiza kitambaa chembamba cha kufunga kwa mkono. Watu waliokuwa wakiwinda wepesi kuliko kitu kingine chochote waliona kwamba kitambaa hicho kinastahili uzito wake.

Wapinzani wa kitambaa wana kumbukumbu za kweli zinazowatia uchungu. Triumph TR2 ya mwaka 1953 na MGA ya mwaka 1955 hazikuwa na vioo vya kupandisha milangoni; zilikuwa na vipande vya pembeni vya kuchomeka, na kitambaa cha juu kilichofungwa kwa vifungo vya kubana, kimoja baada ya kingine. MGB ilipotoka mwaka 1962 ililetewa vioo vya milango, lakini mojawapo ya mapaa yake ya kwanza lilikuwa la kuvunjwavunjwa: fremu inatolewa, inakunjwa, inawekwa kwenye buti, kitambaa nacho kinakunjwa peke yake. Mvua ikianza, dereva asimame kando ya barabara, ashuke, afungue buti, aunganishe mabomba, atandike, abane. Na akimaliza, kiti kimekwisha kulowa. Matokeo yake yalitabirika. Wengi walilipandisha paa mwanzo wa majira ya baridi wakaliacha hivyo miezi kadhaa, hata siku ambazo jua lilikuwa likiwaita. Hapo kosa halikuwa la kitambaa. Kosa lilikuwa la fremu, bawaba na makomeo, yaani la wahandisi waliolihesabu paa kuwa kitu cha kufikiriwa mwisho, gari likishakamilika.

Ushahidi kwamba kosa lilikuwa hapo ulikuja kutoka Japani. Miaka ya 1970 gari la wazi lilionekana kuelekea kaburini. Watengenezaji walihofia kwamba Marekani ingepiga marufuku magari yasiyo na paa gumu. Triumph TR7 ilizinduliwa mwaka 1975 ikiwa na paa gumu tu, Cadillac wakaitangaza Eldorado ya mwaka 1976 kuwa gari la mwisho la wazi la Kimarekani, na MGB ikaacha kutengenezwa mwaka 1980. Marufuku ile haikuja, lakini woga ulitosha kuvunja mioyo. Kisha Februari 1989, kwenye maonyesho ya Chicago, Mazda wakaonyesha MX-5. Toshihiko Hirai, aliyeuongoza mradi huo, alitaka dereva na gari wawe kitu kimoja, kama Wajapani wanavyosema juu ya mpanda farasi na farasi wake. Paa lilitungwa kwa nia hiyohiyo. Lilikuwa na makomeo mawili tu juu ya kioo cha mbele. Unayafyatua, unafungua zipu ya dirisha la plastiki la nyuma ili lilale bila kuvunjika mikunjo, unasukuma nyuma, basi. Hakuna mota, hakuna pampu ya mafuta, hakuna waya. Dereva akiwa kwenye taa nyekundu aliweza kuamua kwamba jua limetoka, na taa ikigeuka kijani yuko wazi. Aprili 2016 gari la milioni moja la jina hilo lilitoka kiwandani, idadi ambayo hakuna gari jingine la wazi la spoti la viti viwili limeifikia. Sisemi paa peke yake ndilo lililouza magari yote hayo. Nasema gari hilo lisingependwa hivyo kama kulifungua kungekuwa kazi ya dakika kumi.

Sasa watetezi wa chuma. Wazo lao si la jana: Georges Paulin, Mfaransa aliyekuwa daktari wa meno kabla ya kuwa msanifu wa magari, alibuni paa la chuma la kuzama kwenye buti, na Peugeot wakaliweka barabarani katika miaka ya 1930. Ford walijaribu na Skyliner kuanzia 1957 hadi 1959. Mercedes-Benz walilifufua kwa SLK ya mwaka 1996, Peugeot wakalifanya la bei ya watu wengi kwa 206 CC, na kwa muda ilionekana kitambaa kimekwisha. Hata Mazda, waliokuwa wamethibitisha kinyume chake, mwaka 2006 walitoa MX-5 yenye paa gumu la mota lililoongeza takriban kilo 37. Lakini tazama kilichofuata. BMW walilipa Z4 ya mwaka 2009 paa la chuma, kisha Z4 ya mwaka 2018 wakairudishia kitambaa. Gari lao la wazi la 4 Series walilibadilisha vivyo hivyo mwaka 2020, wakasema paa jipya ni jepesi kwa asilimia 40. Mercedes-Benz SL, iliyokuwa na paa la chuma kwa vizazi viwili, mwaka 2021 ilirudi kwenye kitambaa, pungufu ya kilo 21. Mwaka 2023 Ferrari walitoa Roma Spider yenye paa la kitambaa, na hawakuwa wamefanya hivyo kwenye gari lenye injini mbele tangu mwaka 1969. Kampuni hizi hazibani senti. Wateja wao wangelipia chuma bila kuuliza bei. Zilirudi kwa sababu uzito wa juu ndio unaoliumiza gari kwenye kona, kwa sababu chuma kilichokunjwa kinameza buti na kulazimisha mgongo wa gari uwe mnene, na kwa sababu kitambaa kimejifunza mengi tangu enzi za vifungo vya kubana.

Na kujifunza huko ndiko ninakotaka kukusifu, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Asili ya kitambaa hiki ni mwaka 1823, Charles Macintosh alipopata hataza ya kubandika matabaka mawili ya nguo kwa mpira uliolainishwa katikati yake, maji yasipite. Kitambaa bora cha paa la leo bado kina mpangilio huohuo: nje nyuzi za akriliki zilizotiwa rangi kabla ya kusokotwa, ili jua lisiipaushe upesi, katikati tabaka la mpira, ndani pamba au poliesta. Lakini robota la kitambaa si paa. Fundi lazima akijue kitambaa kinavutika upande gani na upande gani hakivutiki, akikate kwa namna ambayo nyuzi zitalala sawasawa kutoka mbele hadi nyuma, la sivyo upande mmoja utalegea mwaka wa pili na mwingine utabana. Mishono huiweka juu ya mbavu za fremu inapowezekana, na hukunja kingo zake kwa mwelekeo ambao maji yatatelezea, yasipate mahali pa kupumzika. Kila tundu la sindano ni mlango wa mvua, kwa hiyo huziba kwa utepe au kwa gundi. Hata uzi ni uamuzi: wa pamba utaoza, wa poliesta utavumilia miaka kadhaa ya jua kabla ya kukatika.

Kisha ukazaji, ambao haufundishwi vizuri kwa maandishi. Gari likienda kasi, hewa inayopita juu ya paa inakuwa na shinikizo dogo kuliko ya ndani, na kitambaa huvutwa juu. Kilicholegea kitavimba na kupiga kelele. Kilichobana mno hakitafikia makomeo ya mbele, au kitafikia kwa nguvu na kuchana mishono ndani ya mwaka mmoja. Kile cha vinaili hulainika kwa joto na kukaza kwa baridi, ndiyo maana mafundi hupenda kukifunga siku ya jua. Na hicho kilichokazwa kama ngozi ya ngoma lazima, kwa sekunde chache, kilegee na kukunjika mahali palepale kila mara, bila kubanwa na bawaba na bila kujisugua hadi kitoboke. Kazi inayoweza kufanya mambo mawili yanayopingana hivyo, kwa alama za chaki, mkasi na cherehani, haistahili kuitwa kifuniko cha muda.

Atakayepinga atasema kitambaa kina kelele. Kweli, kinazidiwa na chuma, ingawa si kama zamani: SL ya sasa ina mkeka wa kuzuia sauti wenye uzito wa gramu 450 kwa mita ya mraba katikati ya matabaka yake, na dirisha la nyuma la kioo limechukua nafasi ya plastiki karibu kila mahali. Atasema mwizi atakichana kwa kisu. Ataweza, kama ambavyo angevunja kioo cha gari lolote. Dawa ni kutoacha kitu cha thamani ndani, na hilo ni sheria ya mjini kwa gari la paa lolote. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atauliza habari za jua, na swali lake ni zito kuliko la Mwingereza na mvua yake, kwani jua letu huikausha vinaili na kuifanya plastiki iwe ya manjano. Nakubali kwamba paa la kitambaa lina umri. Lakini likifika mwisho wa umri huo, fundi wa viti vya magari mwenye cherehani nzito na kielelezo cha paa la zamani anaweza kulishona upya, na gari likaendelea. Paa la chuma likigoma, linagoma kwa sensa, pampu na waya, na mwenye gari yuko mikononi mwa kompyuta na vipuri vya kuagiza kutoka mbali. Katika miji yetu mafundi wa kushona ni wengi kuliko wa pampu hizo, na hilo nalihesabu upande wa kitambaa.

Basi ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua la kitambaa, na kabla hujalipa, lipandishe na kulishusha mwenyewe mara mbili tatu. Angalia mishono juu ya mbavu na sikiliza bawaba. Kama dirisha ni la plastiki, fungua zipu kila unapolishusha. Usilioshe kwa mashine ya maji ya kasi, na safisha vitundu vya kupitishia maji nyuma ya viti, kwa kuwa vikiziba maji huingia kwenye bodi na kuozesha chuma cha chini huku kitambaa kikiwa bado kizima.