Sanduku la Sola Hupimwa Kifuniko Kikiwa Wazi

Sanduku la sola la kubebeka, lenye betri, kontrola na inveta ndani yake, siku hizi linaundwa kwenye vibanda vya mafundi na hata sebuleni. Kwa nje yote yanafanana: mpini, soketi mbili, matundu ya kuchajia simu na mita ndogo inayowaka namba. Ubora haupo huko. Upo kwenye viungio, pale waya unapokutana na betri, nako hakuonekani mpaka kifuniko kifunguliwe.

Betri ndiyo inayokula pesa nyingi, kwa hiyo ianze. Fundi makini huchagua lithiamu ya chuma na fosfati: seli nne za volti 3.2 zilizofuatanishwa, jumla volti 12.8. Aina hii ilitokana na kazi ya John Goodenough na wenzake huko Texas miaka ya 1990, na sifa yake kubwa ni utulivu. Haishiki moto upesi kama lithiamu za simu. Huvumilia kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi, ilhali betri ya asidi inayokaushwa kila siku huchoka baada ya mara mia chache tu. Ukikuta seli za duara za 18650 zimeandikwa mAh 9900, ujue zimedanganywa, kwani zile nzuri za kawaida huishia karibu na 3500. Uliza pia ilipo BMS, saketi inayokata umeme seli zikijaa kupita kiasi au zikikauka. Betri ya lithiamu isiyo nayo haifai kulazwa ndani ya nyumba yenye watoto.

Waya ndio unaonionyesha fundi ni nani. Inveta ya wati 500 ikitumika kwa nguvu zake zote huvuta ampea kama 45 kutoka kwenye betri ya volti 12, karibu mara tano ya zile zinazovutwa na birika la umeme ukutani. Wengi huiona 500 ni namba ndogo, wakachukua waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumba. Mita moja tu ya waya huo, kwenda na kurudi, hugeuza wati 14 hivi kuwa joto ndani ya sanduku lililofungwa. Waya wa milimita za mraba 10 hupoteza chini ya wati 4. Ukwangue kwa kisu: ukiwa na rangi ya shaba juu na mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hupitisha umeme vibaya kuliko unene wake unavyoahidi.

Halafu tazama vile vichwa vya shaba kwenye ncha za waya. Vinatakiwa vibanwe kwa koleo lake maalumu, visitikisike hata ukivivuta kwa nguvu. Risasi ya kulehemu iliyomwagwa kufunika mbano mbovu hupendeza macho, lakini kiungo kikipata moto hulainika na waya huchomoka. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuvishwa utepe mweusi nazikataa papo hapo.

Fyuzi iwe upande wa chanya, isipite shibiri moja kutoka kwenye betri, kwa sababu waya wote ulio kabla yake hauna ulinzi. Swichi ya kukatia upande wa betri nayo iwe imetengenezwa kwa umeme wa betri. Umeme wa nyumbani, wa mizunguko 50, hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hujizimia. Wa betri haushuki kamwe. Cheche yake huweza kuendelea kuwaka mpaka iyeyushe swichi.

Sasa libebeshe mzigo kwa nusu saa. Ukiwa na mita, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye mlango wa inveta, mzigo ukiendelea. Tofauti ikizidi 0.3, kuna kiungo kinachokula umeme wako. Zima kila kitu, ndipo uguse viungio kimoja kimoja: kinachochoma kidole ndicho kitakachoharibika kwanza. Washa na feni pia. Inveta yenye wimbi safi huizungusha kimya. Ile ya wimbi la ngazi huifanya ivume na kupata joto.

Ukubwa wa betri nao unathibitika bila maabara. Betri ya volti 12.8 na ampea-saa 50 ina wati-saa 640. Ukitoa hasara ya inveta, balbu ya wati 60 iwake karibu saa tisa. Ikizimika baada ya saa nne, umeuziwa nusu ya betri.

Kwa paneli, futi kamba inatosha. Jua kali huleta wati 1000 hivi kwa mita ya mraba, na paneli nzuri hubadili takriban sehemu moja ya tano. Paneli ya wati 100 basi inahitaji nusu mita ya mraba. Iliyo na ukubwa wa sinia haiwezi, hata iandikwe nini nyuma.

Fanya haya yote kabla ya kulipa, tena mbele ya fundi mwenyewe. Aliyefanya kazi safi atakufungulia kifuniko kwa furaha na kukueleza kila waya. Akikataa kukifungua, usinunue.