Raha ya Shambulizi: Uhakiki wa Masimulizi ya Mpira Barazani

Shabiki wa Mombasa aliyeiona timu yake ikishambulia vizuri hatulii mpaka asimulie. Kuanzia Kuze hadi Kibokoni, kahawa ikishamiminwa, mabaraza ya Mji wa Kale huucheza upya mchezo uliomalizika Mbaraki, nyumbani kwa klabu ya Bandari, au ule wa Ligi Kuu ya Uingereza uliotazamwa kwenye runinga. Masimulizi haya yana umbo lake, na umbo hilo linastahili kusomwa kwa makini kama tunavyousoma utenzi au hadithi fupi. Hoja yangu ni kwamba raha ya shabiki imo zaidi katika njia uliyopita mpira kuliko katika goli lenyewe, na lugha ya baraza imejengwa ili njia hiyo isipotee.

Tuangalie mfano huu, nilioutunga kwa kufuata mtindo wa wasimulizi hao:

“Kipa akautupa mpira kwa mkono, beki wa kushoto akautuliza, akampa kiungo. Kiungo hakukaa nao: kaugusa, kaurudisha, kaupokea tena, kaufungua upande wa pili. Winga huyo! Yuwaja, yuwaja. Beki akimfikia, keshapita. Wa pili akitia mguu, keshapita. Kainua kichwa, kaukata nyuma. Jamaa kaja mbio kutoka kati. Pu!”

Jambo la kwanza la kutazama ni mpira wenyewe. Umetajwa kwa jina mara moja tu, mwanzoni. Kuanzia hapo unasafiri ndani ya vitenzi: akautuliza, kaugusa, kaurudisha, kaupokea, kaukata. Watendaji wanabadilika, kutoka kipa hadi beki, hadi kiungo, hadi winga, lakini ile -u- inapita kwa kila mmoja wao. Msikilizaji hahitaji kukumbushwa mpira uko wapi, kwa kuwa sarufi imeshaubeba. Msimulizi hodari haukatizi mnyororo huu kwa maelezo ya pembeni. Akisimama katikati ya pasi kueleza jinsi refa alivyokuwa, shambulizi linakufa mdomoni mwake, na baraza humwambia waziwazi.

La pili ni kasi. Sentensi ya kwanza ina vitenzi kamili: akautupa, akautuliza, akampa. Mpira ukifika katikati ya uwanja, kile kiambishi cha mwanzo kinadondoka: kaugusa, kaurudisha, kaupokea. Silabi moja imepungua katika kila kitenzi, na mwendo umeongezeka bila msimulizi kutamka neno “haraka”. Kisha, winga anapoachiwa nafasi, mfululizo wa -ka- unakatika ghafla na Kimvita, lahaja ya Mombasa, kinaingia: yuwaja, yuwaja. Tukio la jana limekuwa la sasa hivi. Mara nyingi hapa ndipo msimulizi huinuka kidogo kitini, na wasikilizaji huacha kunywa.

La tatu, na ndilo linalonifurahisha kuliko yote, ni “akimfikia, keshapita”. Chenga yenyewe haikusimuliwa. Hatukuambiwa winga alikwenda kulia au kushoto, wala kama alimpiga beki kanzu. Tumepewa kuanza kwa tendo la beki na kumalizika kwa tendo la winga, na katikati pako wazi. Pengo hilo ndilo picha halisi ya beki aliyeachwa: naye pia hakuona kilichotokea. Kauli inaporudiwa kwa beki wa pili, kicheko cha baraza huwa kishaanza.

Mwisho kuna kimya cha goli. Neno “goli” halimo katika masimulizi haya, na mfungaji ameitwa “jamaa” tu. Hukumu ya mwisho huachiwa wasikilizaji, ambao hulitamka neno hilo wao wenyewe kwa sauti moja, hata wale ambao walikuwapo uwanjani na wanajua vizuri mambo yalivyokwisha. Wote wameshirikishwa kufunga. Msimulizi aanzaye na matokeo, akasema “tuliwafunga mbili” kabla ya pasi ya kwanza, huwa ametoa habari na kuwanyima watu raha.

Sanaa hii haikai katika maneno peke yake. Vikombe vya kahawa husogezwa juu ya baraza: hiki ni beki, hiki ni kiungo, na kidole ndicho mpira. Papo hapo hutokea wa kupinga: pasi ile haikuanzia kushoto, na kiungo aligusa mara mbili. Vikombe hupangwa upya na shambulizi hurudiwa kutoka kwa kipa. Uhakiki, kwa hivyo, umo ndani ya masimulizi yenyewe. Runinga inaweza kurudia goli mara nyingi ipendavyo, lakini haiulizi ni pasi ipi iliyolizaa. Baraza huuliza.

Umbo hili lina udhaifu wake. Kwa kuwa -ka- hupanga matendo moja baada ya jingine, mchezaji anayekimbia bila mpira ili kuwavuta mabeki husahaulika, ilhali mashambulizi mengi mazuri hutegemea mbio za mtu kama huyo. Msimulizi bora humwokoa kwa neno “huku”: huku namba tisa kawachukua mabeki wawili. Wengi hawafiki hapo. Humsifu winga na kumwacha aliyemfungulia njia, nami naona hiyo ni dhuluma ya kisanaa inayofaa kurekebishwa.

Thamani ya haya yote huonekana tukikumbuka Feisal. Mwaka 1965, katika msimu wa tatu wa ligi ya taifa iliyoanza 1963, timu hiyo ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya, na tangu hapo hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyolibeba taji hilo. Bandari ililikaribia iliposhika nafasi ya pili mwaka 2018 na tena msimu wa 2018/19. Orodha za mabingwa zinatuambia nani alishinda. Hazituambii mpira ulitoka kwa nani ukaenda kwa nani. Hilo limo vichwani mwa wazee walioshuhudia, na kila mwaka wanapungua.

Basi kijana mwenye simu mfukoni, keti na mzee wa mtaa wako umrekodi akisimulia shambulizi moja, kuanzia kwa kipa. Usimkatize, usikisahihishe Kimvita chake kiwe sanifu, wala usiikate rekodi ukabakisha goli tu.