Jicho Ndani ya Sentimita Nne

Wapo wapiga picha wa harusi ambao ukiwatazama wakiwa kazini na lenzi ya milimita 50, ile ya plastiki inayofunguka hadi f/1.8, unasahau kabisa bei yake. Viwiko vimebana mbavu, mguu mmoja umetangulia, kiganja cha kushoto kimeibeba lenzi kwa chini. Pumzi inatoka nusu, shata inabonyezwa. Canon walitoa moja ya aina hiyo mwaka 1990, gramu 130 tu, hata sehemu inayofungwa kwenye kamera ni plastiki, na mota yake hulalamika kila inapotafuta fokasi. Wengi huinunua, hufungua tundu lote siku hiyohiyo, hupata nyuso zilizofifia, kisha huitangazia mtaa mzima kwamba ni kimeo.

Kimeo si lenzi. Ukisimama mita moja kutoka kwa mtu, kwa f/1.8, kwenye kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, eneo linalotoka kali lina kina cha sentimita nne hivi. Kwenye kamera za sensa ndogo, ambazo wengi wetu tumeanzia, hazifiki hata tatu. Pua na masikio havienei humo kwa pamoja. Basi fundi huchagua jicho, tena lile lililo karibu naye, na mengine yote huyaacha yaende zake. Wakiwa wawili, hawapangi kwa uzuri wa pozi peke yake: “Bi harusi, lete kidevu huku kidogo. Bwana, nusu hatua mbele, hapohapo.” Wageni hudhani anatafuta mapenzi kwenye nyuso zao, kumbe anasawazisha macho manne yawe umbali mmoja kutoka kwenye kamera.

Kosa linaloharibu picha nyingi ni la mazoea: kuweka kidoto cha fokasi cha katikati kwenye jicho, kubonyeza shata nusu ili kuifunga fokasi, kisha kugeuza kamera ili mtu akae pembeni mwa picha. Kwa f/8 hakuna atakayegundua. Kwa f/1.8, geuza nyuzi 20 tu kwa mtu aliye mita moja, na fokasi inatua sentimita sita nyuma ya jicho. Nywele zinatoka kali, kope zimeyeyuka. Anayeijua kazi husogeza kidoto chenyewe mpaka kwenye jicho. Na kama kamera yake ni ya zamani, yenye vidoto vya pembeni visivyoaminika, humwacha mtu karibu na katikati, akabakiza nafasi, akakata picha baadaye kwenye kompyuta. Hupoteza pikseli kadhaa, lakini jicho linabaki salama.

Halafu kuna vioo vyenyewe. Ndani ya lenzi hii vimo sita, vimepangwa karibu sawa mbele na nyuma ya tundu, kwa wazo lililotoka kwa Paul Rudolph wa Zeiss mwaka 1896. Ulinganifu huo hufuta kasoro nyingi, lakini mwanga unaopita ukingoni mwa vioo haukutani mahali pamoja na ule wa katikati, na ndio unaotandaza ukungu mwembamba juu ya picha. Ziba tundu kidogo, f/2.2 au f/2.5, na sehemu kubwa ya mwanga huo mkorofi inabaki nje. Hatua ndogo hiyo naiheshimu kuliko kamera yoyote ya mamilioni. Nyuma bado panafifia vizuri, ila uso unakaza. Kwa kanzu nyeupe mbele ya jua la saa kumi, inapunguza pia ule ukingo wa zambarau unaowakera washonaji.

Ukumbini usiku fundi huwa tayari kupandisha ISO hadi 3200 kuliko kushusha kasi ya shata chini ya 1/200 ya sekunde. Chengachenga mteja atazisamehe. Jicho lililotikisika, mama wa bi harusi ataliona kwanza.

Kabla ya msimu wa harusi huilaza rula mezani kwa mshazari, akaelekeza fokasi kwenye namba moja na kupiga mara kadhaa, aone kama kamera inatua mbele au nyuma ya hapo. Ikipotoka upande uleule kila mara, hurekebisha kwenye menyu, au hutumia skrini ya nyuma, ambako fokasi hupimwa kwenye sensa yenyewe.

Mwaka 2015 Canon walitoa lenzi mpya ya aina hiyo, yenye majani saba kwenye tundu badala ya matano, na inayokubali kusogelea hadi sentimita 35. Wenye ile ya zamani hawana haraka. Tundu lake likizibwa kidogo, taa za ukumbini zinazofifia nyuma hutoka na pembe tano, na kuna wateja wanaodhani ni pambo lililoongezwa kwa programu, wakaomba liwekwe kwenye picha zote.