Kwera wa Kilombero: Utulizaji Uwe kwenye Lenzi au kwenye Bodi?

Kwera wa Kilombero, ndege aliyetambulishwa rasmi kwa wanasayansi mwaka 1990, huishi kwenye matete ya Bonde la Kilombero na si kwingine. Anayetaka kumpiga picha akiwa kwenye mtumbwi karibu na Ifakara hawezi kuepuka lenzi ndefu, na lenzi ndefu hukuza kila mtikisiko wa mkono. Canon ilileta lenzi ya kwanza ya kubadilishwa yenye utulizaji mwaka 1995, ambapo vioo vya ndani husogea kinyume cha mtikisiko. Mwaka 2003 Minolta ikaigeuza njia kwa kusogeza sensa yenyewe ndani ya bodi ya kamera ya DiMAGE A1. Kwa kazi ya kwera, njia ya kwanza bado ndiyo yenye nguvu, na ushahidi wake uko kwenye jiometri. Kamera ikiinama kwa nusu digrii, taswira ya lenzi ya milimita 24 huhama karibu milimita 0.2 juu ya sensa. Ya milimita 400 huhama karibu milimita 3.5. Sensa haina nafasi ya kuufuata mwendo mkubwa kiasi hicho, ilhali vioo vya lenzi vimesanifiwa kwa urefu wake wa fokasi, hivyo kusogea kidogo tu huirudisha taswira mahali pake.

Mtetezi wa bodi atajibu kwamba sensa hutuliza lenzi yoyote, hata kuukuu isiyo na umeme, na hurekebisha mzunguko wa kamera kuzunguka mhimili wa lenzi, jambo ambalo vioo haviwezi. Ni kweli, na chini ya Maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, kwenye kivuli cha msitu na lenzi pana, bodi ya namna hiyo ndiyo ya kuchukua. Pia alikuwepo aliyesema kwamba lenzi hushinda kwa sababu humtulizia mpiga picha kile anachokiona kwenye kitafutio; hoja hiyo ilikuwa na uzito zama za kamera zenye kioo cha kuakisi, lakini kamera zisizo na kioo hicho huonyesha taswira itokayo kwenye sensa, ikiwa imekwisha tulizwa. Kilichobaki ni ule umbali wa milimita 3.5, na huo haupunguzwi na kitafutio kipya.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ndege mwenyewe hatulii. Hakuna mfumo unaozuia bawa lake wala tete linaloyumba kwa upepo. Dawa yake ni kasi ya shata, tuseme sekunde 1/1000, ambayo jua la bondeni huiruhusu. Kwa kasi hiyo utulizaji huokoa ukali wa picha kwa kiasi kidogo, lakini humsaidia mpiga picha kumshikilia ndege ndani ya fremu na kuweka fokasi kwenye jicho. Tangu 2015 zipo kamera za Panasonic zinazounganisha mifumo yote miwili, na mwenye uwezo azichukue. Mwenye fedha ya kitu kimoja, na anayemlenga kwera, aanze na lenzi.