Sumaku Chini ya Farasi

Wakusanyaji wengi wa kompyuta za kale za chesi huzifungia kabatini. Mimi sioni raha yake. Ziliundwa zichezwe, na anayezipenda hana budi kuwa nusu fundi, hasa akiishi Section 58 hapa Nakuru, ambako vumbi halibishi hodi na umeme hupotea bila kuaga.

Chess Challenger ya Fidelity Electronics, kampuni ya Chicago, iliingia madukani 1977 na kosa la kuchekesha: safu zilizostahili herufi zilipewa namba, na za namba zikapewa herufi. Leo kosa hilohilo ndilo linalosakwa kwa udi na uvumba.

Mashine za Marekani zilizoea umeme wa volti 120. Wetu ni 240, kwa hiyo adapta ya asili usiichomeke ukutani kabla ya kusoma maandishi yake. Nyingine hula betri. Mji huu uliwahi kutengeneza betri zake, hadi kiwanda cha Eveready kilipofungwa 2014, na wazee wa hapa hawahitaji kufunzwa kuzitoa kwenye kifaa kinachokaa bure. Anayesahau hukuta ukoko mweupe kwenye vyuma. Ikiwa betri ni za alkali, pamba yenye siki kidogo huuyeyusha.

Lakini utamu wa kazi uko chini ya ubao. Katika mashine za bei, kila mraba kati ya 64 umefichiwa kijibomba cha kioo chenye vibapa viwili vya chuma visivyogusana. Farasi akitua, sumaku iliyo kwenye kitako chake huvivuta vikutane, na mashine hujua umemweka wapi. Mraba ukinyamaza, pitisha sumaku juu yake polepole, sikio karibu. Kijibomba kizima hutoa mlio mdogo, “ti”. Kilichopasuka hakisemi kitu. Kilehemu kingine, ukiishika miguu yake kwa koleo ili joto lisifike kwenye kioo.

Kuna watakaouliza, ya nini, na simu ya mfukoni humshinda bingwa wa dunia? Ndiyo maana haswa. Mephisto za Munich, zilizotwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta ndogo Amsterdam 1985, zilikuwa kali kwa wakati wao. Zile za awali, zenye kumbukumbu ya kubana, zilihesabu hatua chache tu mbele, na hapo ndipo tabia yao ilipojitokeza. Zikiona hasara inakuja, hutupa kitunda, kisha kingine, ili kuisukuma mbali zisikoweza kuiona, kama mdaiwa anayekopa huku alipe kule. Simu haina udhaifu huo, wala haina kijibomba cha kubadilisha.

Kijana wa jirani, aliyezoea kupigwa na simu yake, aliiona moja ikitupa vitunda hivyo akacheka sana. Sasa anaomba ngazi ya tatu, na koleo langu halirudi kwa wakati.