Robert ni Nani?

Vijana wenzangu wa kalamu, hebu mtafuteni Shaaban Robert kwenye orodha za maktaba. Mara nyingi mtamkuta kwenye R: Robert, mkato, Shaaban. Sasa nauliza, nani kati yetu amewahi kusema "jana nilikuwa namsoma Robert"? Tunasema Shaaban Robert, yote mawili kwa pumzi moja.

Kugeuza jina kunamfaa mwenye jina la ukoo. Dickens ni Dickens, babu hadi mjukuu. Pwani na visiwani jina ni mnyororo: lako, la baba, la babu. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed wanawekwa pamoja kwenye M, na mgeni atadhani ni mtu na kaka yake. Mohamed Said Abdulla, yule wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ana balaa jingine: andika Abdallah au Abdullah uone kama mashine itakuhurumia. Bwana Msa mwenyewe angeshindwa kumpata!

Kesi ya Ngũgĩ wa Thiong'o ndiyo shule. Weep Not, Child ilipotoka 1964 jaladani palikuwa na James Ngugi. Maktaba makini huunganisha majina hayo mawili kwa neno "tazama", na humweka kwenye N bila mkato wowote, kwa sababu "wa Thiong'o" ni kusema mtoto wa Thiong'o. Lakini nimeona orodha ya chuo kimoja imemtupa kwenye W. Jamani, "wa" imekuwa ukoo!

Msinielewe vibaya, sizilaumu kanuni. AACR2 ya 1978 ilitaka jina lifuate desturi ya lugha au nchi ya mwandishi, na IFLA ilichapa kitabu kizima cha desturi hizo, toleo la nne likatoka 1996. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kabla ya kukata jina.

Nanyi mnaotoa shairi leo kwa herufi mbili na ubini, kesho kwa majina matatu, mtaorodheshwa kama watu wawili. Chagueni moja, na mwambieni mchapishaji liingie kwenye herufi gani. Kwa anayetafuta, jaribu mwanzo wa jina na mwisho wake, kisha andika Ngugi bila viwimbi, maana mashine nyingine haziwezi kuvisoma.