Nywele za Dhahabu na Akili za Mwanamke katika Sinema

Miongoni mwa mambo yanayomkwamisha mtafsiri wa sinema, liko moja ambalo sisi wachunguzi wa lugha tumelipita bila kulitazama, nalo ni nywele. Maneno ya mchezaji yana kamusi. Lakini akitokea mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu, na watazamaji wa Marekani wakacheka kabla hajafumbua kinywa, mtafsiri atawaambia nini watu wa Morogoro? Kicheko kile hakina kamusi. Chatoka katika dhana waliyolelewa nayo watu wa huko, ya kuwa mwanamke mwenye nywele za namna hiyo ni mzuri wa sura na mwepesi wa akili.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu katika banda moja la video, si mbali na stendi ya mabasi ya Msamvu. Ilioneshwa Legally Blonde, sinema ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Robert Luketic, ambamo Reese Witherspoon ni binti aitwaye Elle Woods, aingiaye chuo cha sheria cha Harvard na kudharauliwa kwa ajili ya nywele zake na mavazi yake ya rangi ya waridi. Mtafsiri alikuwa mmoja wa wale waliofuata nyayo za Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Alikuwa na ulimi mwepesi, wala sina la kumlaumu. Ila ilimpasa aieleze dharau ile, na neno alilolishika lilikuwa “mtoto wa kishua”. Watazamaji wakaelewa mara moja: binti wa tajiri, aliyedekezwa, asiyejua taabu. Hadithi ikaendelea vizuri, lakini ilikuwa hadithi nyingine. Nywele zilikuwa zimekwisha kutoka ndani yake.

Wako wasomi wenzangu wanaofurahia habari kama hizi, wakisema kwamba hapo pana ushahidi ya kuwa Kiswahili hakina kosa hilo. Mimi sikubaliani nao. Sidhani kosa limepotea njiani. Limebadili rangi tu.

Na tutazame sinema zetu wenyewe. Tangu Girlfriend ya mwaka 2003 ilipofungua mlango wa zile ziitwazo Bongo Movie, alama za kichwani zimekuwa zikisomwa na watazamaji kama herufi. Akiingia mwanamke mwenye wigi la rangi ya dhahabu lililomfika mabegani, hahitaji kusema neno: huyu ni mjanja, amekuja mjini kumchuna buzi. Akiingia aliyesukwa twende kilioni, kanga kiunoni, naye hahitaji kusema neno: huyu ni mshamba, atadanganywa, atalia, na mwisho atasamehe. Sisemi ya kuwa kila mchezo uko hivyo, maana wapo watungaji waliojitahidi kutoka katika njia hiyo. Lakini hata wakili au daktari wa kike, anapopewa nafasi, mara nyingi hulipishwa elimu yake kwa kukosa mume.

Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha apaswapo kusimama kidogo. Kiswahili kina akili, kina werevu, busara na hekima, tena kina ujanja. Wala maneno haya hayakai mahali pamoja. Sungura wa hadithi zetu ni mjanja, lakini ni nani aliyepata kumwita Sungura mwenye busara? Ujanja ni akili ya asiye na nguvu, akili ya kupenya uani. Haiaminiki, wala haikabidhiwi kazi ya kuamua jambo la watu. Basi mwenye wigi la dhahabu katika sinema zetu hakunyimwa akili kama mwenzake wa Marekani. Amepewa ile moja ambayo hakuna amheshimuye mtu kwa ajili yake. Na neno lenyewe “buzi” lathibitisha: mwanamume ni mnyama wa kuchunwa, na mwanamke ni mwenye kisu. Katika mfano wa namna hii hakuna nafasi ya kumwuliza mwanamke shauri.

Kwa kweli Wamarekani wenyewe walikwisha kulitambua hilo zamani. Katika Gentlemen Prefer Blondes ya mwaka 1953, iliyotokana na kitabu cha Anita Loos cha mwaka 1925, Marilyn Monroe acheza mwanamke aitwaye Lorelei Lee, apendaye almasi, ambaye kila mtu amwona mpumbavu. Karibu na mwisho akiri mbele ya baba wa mchumba wake ya kuwa aweza kuwa na akili panapo haja, ila wanaume wengi hawapendezwi nazo. Hapo upumbavu wageuka kuwa vazi lililovaliwa makusudi, na Lorelei asimama karibu sana na mchunaji wa Dar es Salaam. Bahari ni pana, lakini hawa wawili ni ndugu.

Lugha yetu nayo ilikuwa imekwisha kuzipima nywele kabla ya sinema kufika. Nywele za singa ni zile laini zilizonyooka, na jina lake halina tusi. Nywele zetu tuliziita za kipilipili, kwa mfano wa punje za pilipili. Wigi likaja likaonekana kama jibu. Tena likaja kama hatia: mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, ikapiga marufuku mawigi, sketi fupi na dawa za kujichubua. Suruali za kubana za wanaume zilitajwa pia, lakini mzigo mkubwa wa lawama uliwaangukia wanawake. Na katika shule nyingi za serikali, hata leo, msichana huamriwa kukata nywele zake ziwe fupi kabisa, ati asije akashughulika na kichwa kwa nje akasahau cha ndani. Kwa hiyo binti hujifunza mapema ya kuwa nywele na masomo havikai pamoja.

Ajabu ni kwamba milima iliyo juu ya mji huu ilifundisha kinyume chake. Katika desturi za Waluguru, kama za Wazaramo na Wakwere jirani zao, mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kisanamu cha mti chenye shungi moja au mashungi mawili kichwani. Alikiogesha, akakipaka mafuta, akakitunza kama mtoto, na wakati huohuo alifundishwa na wanawake wakubwa mambo ya utu uzima. Kichwa kilichopambwa kilikuwa dalili ya aliyefunzwa. Wala elimu hiyo haikuwa ya mapambo tu, kwa kuwa Waluguru hufuata ukoo wa mama, uitwao lukolo, na ardhi kwa desturi hupita humo. Yule mama ashukaye kutoka Mgeta na matenga ya kabichi, nywele zimesukwa twende kilioni chini ya kilemba, huenda shamba ni la ukoo wake, na bei ya sokoni aijua kuliko mnunuzi. Jioni binti yake huketi mbele ya runinga akamwona mwanamke mwenye kichwa kama cha mama yake akidanganywa na kila apitaye.

Nisidhaniwe nasema haya kutoka juu ya mnara. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, niliketi katika baraza la kumtahini mwanafunzi wa kike aliyeandika juu ya ngeli za Kiluguru, lugha ya nyumbani kwao. Aliingia amesuka rasta za rangi ya manjano zilizomfika kiunoni. Alipokwisha kusoma muhtasari wake, mtahini mmoja alimwuliza, kabla ya swali lolote la ngeli, ni nani aliyemsaidia kuiandika kazi ile. Akajibu kwa utulivu ya kuwa ni bibi yake, aliyempa maneno. Mimi sikusema kitu. Na nikiri yote: alipokuwa akiingia mlangoni, nami nilikuwa nimejiuliza swali lilelile.

Turudi Msamvu. Elle Woods ashinda kesi kwa elimu ya nywele. Shahidi adai hakuusikia mlio wa bunduki kwa kuwa alikuwa akioga na kuosha nywele, hali siku ileile alikuwa ametiwa dawa ya kuzikunja. Na Elle ajua kwamba nywele zilizotiwa dawa hiyo hazifai kuloweshwa hata saa 24 zipite, ama mikunjo yote hufunguka. Mikunjo ya shahidi ilikuwa mizima. Mtafsiri wetu alipafikia mahali hapo akapapita mbio, akasema tu ya kuwa shahidi amesema uwongo. Lakini nyuma ya banda walikuwapo kina dada wawili, wasusi wa hapo stendi, nao walikuwa wamekwisha kucheka tangu shahidi alipotaja kuoga. “Huyo hajaoga!” mmoja akasema. Vijana wa mbele wakageuka, wakamwuliza amejuaje; naye akaanza kuwaeleza habari za kalikiti, na kwa muda hakuna aliyemsikiliza mtafsiri.